Kurasa Tulizoanika Malaba

Mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau, kana kwamba kusahau huletwa pamoja na barua ya kustaafu. Sawa, nitaandika. Ila msitarajie niwaambie nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hayo mnayajua kunishinda, maana ndiyo mazungumzo yenu kila chai ya saa nne. Mimi nitaandika juu ya faili.

Mwezi wangu wa mwisho ofisini, mmoja wenu alinionyesha kwenye kompyuta kitu kinachoitwa wiki. Ni kama kitabu kikubwa kisicho na mwenyewe. Kila mtu anaandika, kila mtu anasahihisha, na ukurasa ukionekana haufai, watu wanaubishania kama ufutwe au ubaki. Kijana alinieleza taratibu na kwa upole mwingi, jinsi mtu anavyomweleza bibi yake namna ya kuwasha redio, kwamba jambo hili ni geni duniani. Nikavaa miwani nikasoma mabishano yale. Mmoja alisema ukurasa hauna faida kwa yeyote. Wa pili akauliza nani amethibitisha. Wa tatu akalia kwamba uachwe, huenda siku moja ukamfaa mtu. Nilicheka mpaka kijana akaogopa. Watu wale niliwafahamu wote, ingawa majina sikuyajua. Nilifanya kazi nao Malaba miaka ya tisini, tukitumia karatasi, waya na vibanio vya nguo.

Nilifika Malaba mwanzoni mwa miaka hiyo nikitokea kwetu Angurai. Si mbali, lakini mama alinifungia chakula kama mtu anayehamia Ulaya. Chama cha mawakala wa forodha kilikuwa kinatafuta mpiga chapa. Mawakala, kwa yule ambaye hajafika mpakani, ni watu wanaoshughulikia karatasi za mizigo ili malori yavuke kwenda Uganda na mbele zaidi. Ofisi yao ilikuwa chumba cha mabati kando ya yadi ya malori. Jua likiwaka tuliiva humo ndani, na mvua ikinyesha hatukusikilizana. Madereva waliosubiri kuvuka waliingia kutafuta kivuli, habari, na mtu wa kumlalamikia. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Katibu wa chama alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Khunyangu, mfupi, mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi upande mmoja. Alinisalimia "Yoga noi" kwa Kiteso kibovu ili nijisikie nyumbani, kisha akaniuliza:

"Unajua kupiga chapa?"

"Najua, mzee."

"Hiyo ni sawa. Lakini hiyo si kazi. Kazi iko hapa."

Akaweka mezani faili la pete lililovimba hata jalada lake halikufungika.

Faili lile halikuwa la serikali. Madereva na mawakala walikuwa wamelianzisha wenyewe, na kila ukurasa ulibeba jambo moja. Karatasi zinazotakiwa ukibeba mbolea. Mteremko usioushuka mvua ikinyesha. Fundi wa breki anayeaminika na yule wa kumkimbia. Namna ya kumwamkia mzee wa Kiganda usije ukaonekana hukulelewa. Aliyejua kitu aliandika, aliyejua zaidi aliongeza. Aliyeona kosa alilipiga mstari mmoja tu, ili lililokatwa liweze kusomeka bado, kisha akaandika lililo sahihi na kuweka jina lake. Dereva mgeni kutoka Mombasa angeweza kuketi kwenye benchi letu, akasoma, na kuvuka akijua njia nusu nzima. Nililipenda faili lile mapema, ingawa sikumwambia mtu, maana si kawaida kupenda faili.

Katika siku zangu za kwanza nilikuta ukurasa uliosema hivi: "Gereji ya kwanza ukipita Bugiri iko na jogoo mkali. Shuka ukiwa na fimbo." Nikamwambia Mzee Barasa kwamba upuuzi huu unatujazia faili, tuutupe.

"Umewahi kusimama hiyo gereji?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi hujui kama ni upuuzi. Unajua tu kwamba imekuchekesha. Hiyo ni vitu viwili."

Hata hivyo aliniruhusu niuanike, ili nijifunze. Na hapa lazima nieleze kuanika, maana ndiko kulikokuwa moyo wa kazi yetu.

Juu ya benchi kulivutwa waya kutoka ukuta hadi ukuta, chini kiasi kwamba dereva mrefu aligusana nao kwa paji la uso. Ukurasa uliotiliwa shaka ulitolewa kwenye faili ukabanwa pale kwa kibanio, mbele ya kila mtu. Ulikaa hapo hadi siku ya soko ije na ipite, ili kila mwenye safari apate nafasi ya kuuona. Anayetaka aliandika nyuma yake "ubaki" au "utoke", kisha sababu. Aliyeuandika mwanzo ilikuwa lazima apelekewe habari, hata kama yuko Kigali, kwa mdomo wa dereva mwenzake. Siku ikifika, mtunza faili alisoma sababu akaamua. Kama naye alikuwa ameandika nyuma, hakuruhusiwa kuamua, akampa mwingine. Kukiwa na shaka, ukurasa ulirudi ndani. Na uliotolewa haukuchomwa. Ulitiwa kwenye debe chini ya meza, na mwenye neno jipya aliweza kuomba uanikwe upya. Matusi pekee hayakupewa heshima ya waya. Mzee Barasa aliwashia jiko.

Neno lenyewe alilitoa kwa wanawake wa Sio Port wanaoanika omena, dagaa wa ziwani. Alisema kilicho kizima kitakauka vizuri juani, na kilichooza hakuna haja ya kukitangaza, kitanuka chenyewe.

Jambo lililowachanganya wageni ni kwamba hatukuhesabu waliosema hili na waliosema lile. Siku hizo nchi nzima ilikuwa imeingia vyama vingi na kila mtu alitaka kupiga kura, hata juu ya nani afunge dirisha. Mzee Barasa alikataa katakata. "Watu kumi wakisema utoke na hakuna sababu, hiyo ni kelele," alisema. "Mmoja akisema ubaki na ako na sababu, huyo ndiye ameongea." Ukurasa wa jogoo, kwa mfano, niliandika "utoke" kwa mwandiko mzuri wa shule. Dereva mmoja akaandika chini yangu "ubaki" na akatuonyesha suruali yake iliyochanika. Ukabaki.

Baada ya muda nilizoea kwamba waliofika pale walikuwa wa makabila mawili tu, hata kama vitambulisho vyao vilisema vingine. Kulikuwa na watu wa gunia, waliotaka kila kitu kitunzwe, na watu wa wembe, waliotaka faili liwe jembamba. Mkuu wa wembe alikuwa Were, wakala kijana, msafi wa kola na mwepesi wa kalamu, ambaye aliamini kwamba ukurasa usiomfikisha dereva mahali fulani ni uchafu. Aling'oa ukurasa wa mtu aliyesifia baa ya shemeji yake kwa jina la ushauri. Aling'oa shairi la mapenzi lililoandikwa kwa msichana wa Tororo, ingawa watu wa gunia walilia kweli. Kurasa mbili zilizosema jambo moja alizigandisha kuwa moja kwa selotepu. Mimi mwenyewe nilikuwa wa wembe miaka ya mwanzo. Kijana hupenda kutupa, na hilo mnalijua nyinyi wenyewe mnapopita kabati langu la zamani mkilitazama.

Mzee Barasa aliporudi kwao Khunyangu kulima, aliniachia ufunguo, vibanio na uamuzi. Hakutoa hotuba. Alisema tu nisipende sana kuwa sahihi. Muda si mrefu baadaye ukaja ukurasa wa Kilonzo.

Kilonzo alikuwa dereva wa Mombasa hadi Kampala, Mkamba mtu mzima, mpole, asiyetumia maneno mawili panapotosha moja. Kurasa zake ndizo zilizokuwa bora kuliko zote katika faili. Alichora kona za barabara kwa rula, akaandika mahali pa kubadilisha gia. Kwa hiyo alichoandika Kilonzo watu walikiamini bila kuuliza. Siku hiyo aliingia ofisini akitoka Uganda, hakusalimu, akachukua karatasi akaandika akiwa amesimama, akaitia kwenye pete akatoka. Niliifungua nikasoma:

"Hoteli ya Mama Nabwire nyuma ya yadi. Msile hapa. Samaki wa huyu mama ameniulia tanboi wangu Muli. Alikula Malaba akafa Uganda."

Tanboi ni msaidizi wa dereva, yule anayelala na lori, kuweka mawe chini ya magurudumu na kumchangamsha mwenzake asisinzie. Muli alikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na alisafiri na Kilonzo muda mrefu hata watu walidhani ni ndugu. Nilimkumbuka kwa kicheko chake. Nilikaa na karatasi ile mkononi, nikasikia vibaya sana.

Madereva waliosoma walianza kuandika majina yao chini yake. Kila aliyeingia aliandika. Majina yakashuka hadi nusu ya karatasi, mengine yakapanda pembeni, na mgeni aliyeliona faili kwa mara ya kwanza aliona jambo moja tu, yaani umati wa watu uliosimama nyuma ya neno la Kilonzo.

Mama Nabwire alikuwa Msamia wa Sio Port. Samaki wake walitoka kwao kila alfajiri, na hoteli yake ya mbao ilikuwa na meza ndefu zilizosuguliwa kwa majivu. Nilikuwa nimekula pale mara nyingi, kwa hiyo siwezi kudai sikuwa na upande moyoni. Wiki chache zikapita, na mchana benchi zake zikawa tupu. Sufuria ikarudi nyumbani ikiwa imejaa. Wasichana wawili waliomsaidia akawarudisha makwao. Mwisho akaja ofisini, leso imefungwa kiunoni.

"Madam, niko na neno."

"Karibu, mama. Keti."

"Sitaketi. Nasikia jina yangu iko kwa kitabu yenu. Nataka nisome mwenyewe."

Nikamfungulia. Alisoma akifuata kwa kidole, taratibu, na alipofika kwenye jina la Muli kidole kikasimama.

"Huyo kijana amekufa?"

"Hukujua?"

"Nani angeniambia? Watu waliacha kukuja, hawakusema ni kwa nini." Akakaa, ingawa alikuwa amesema hataketi. "Maskini. Maskini mama yake." Kisha akaniangalia. "Lakini hakula. Huyo hakula samaki yangu, madam. Hata mfupa."

Nikamwambia njia iliyokuwepo. Ningeuanika ukurasa, ningemtumia Kilonzo habari, na yeye angeandika sababu yake nyuma kama mtu yeyote. Alichukua kalamu akaandika: "Hakula. Nabwire." Sikuwahi kuona sababu fupi kuliko hiyo, wala iliyokuwa na mzigo mkubwa kuliko huo. Hoteli ile ndiyo iliyowalisha watoto wake, na baba yao alikuwa amekufa ziwani.

Ukurasa ukapanda kwenye waya, na ofisi ikagawanyika. Were aliandika "utoke", akaeleza kwamba jambo kubwa hivyo haliwezi kusimama bila mtu aliyeona kwa macho. Mtu wa gunia akamjibu chini yake kwamba bora madereva wote wakose samaki kuliko mmoja afe. Wote wawili walikuwa na hoja, na sikulala vizuri. Hata juu ya neno la Mama Nabwire watu walisema mbele yangu kwamba hata mwizi husema hakuiba. Wengine waliandika "ubaki" na baada yake si sababu bali "Pole sana Kilonzo", "Mungu amweke Muli pema". Nilipoona hizo pole nikapata wasiwasi mpya. Nikaanza kuwauliza waliotia majina upande wa mbele, mmoja mmoja, kadiri walivyoingia.

"Ulikula kwa Mama Nabwire siku hiyo?"

"Hapana, madam. Mimi nilikuwa Mombasa."

"Basi uliona Muli akila?"

"Ningeonaje na niko Mombasa?"

"Mbona umeweka jina?"

Akanishangaa kama mtu asiye na watu. "Si ni matanga? Kilonzo ni mtu yetu. Mtu akifiwa si unaandika jina?"

Ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wameandika majina kama mnavyoandika kwenye kitabu cha rambirambi nyumbani kwa mfiwa. Hakuna aliyetaka kumdhuru mtu. Walimpenda Kilonzo, na hawakuwa na mahali pengine pa kuliweka pendo hilo, maana maiti ilikuwa imesafirishwa hadi Kitui na wao walikuwa barabarani. Lakini aliyesoma baadaye hakuona rambirambi. Aliona mashahidi. Niliwaonea huruma wote kwa pamoja, na huruma ya namna hiyo haisaidii mtu anayetakiwa kuamua.

Kilonzo alirudi siku ya soko ilipokuwa imepita, mchana, ofisi imejaa. Alipoinua kichwa akakutana uso kwa uso na karatasi yake ikining'inia.

"Nani ameanika kijana yangu?"

Nikasimama.

"Ni mimi, Kilonzo. Nilikutumia neno."

"Neno nilipata Jinja. Nilifikiri ni uongo. Nikasema hapana, Malaba hawawezi." Sauti yake haikupanda, na ningependelea ipande. "Mimi sikufika mazishi, madam. Mzigo haingoji. Walimfukia Kitui na mimi niko Kampala napakua simiti. Hii karatasi ndio kaburi yake iko kwangu. Sasa mnataka kung'oa hata hiyo?"

Were, ambaye kwa kawaida angesema kwamba faili si makaburi, aliangalia viatu vyake. Ndipo Mama Nabwire akaingia. Alikuwa ameliona lori likisimama.

"Pole, Kilonzo," akasema.

"Usinipe pole, wewe."

"Nitakupa. Umefiwa." Akasogea hadi mbele yake. "Lakini kijana yako hakula kwangu. Ulikula wewe. Ulikula yako, ukamaliza na yake, kwa sababu yeye alikuwa ameweka kichwa kwa meza. Umesahau? Nilimgusa hapa kwa shingo, nikakuambia huyu anachomeka. Ukasema ni uvivu."

Kilonzo akashika kibanio cha karatasi yake.

"Ulitoka nje kuangalia lori," Mama Nabwire akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi nikampikia uji. Akakunywa kidogo kidogo. Hiyo tu ndio iliingia tumboni yake kutoka kwangu."

Ilikuwa kazi yangu kuuliza, nami nikauliza, ingawa nilitamani sana kazi hiyo iwe ya mtu mwingine.

"Kilonzo, Muli alianza kuugua wapi?"

Nje lori moja lilikuwa linarudi nyuma, na tanboi wake alikuwa akilipiga ubavuni kwa kiganja na kupaza sauti.

"Salgaa," akasema Kilonzo. "Alisema anasikia baridi na jua ilikuwa inawaka. Nikampa sweta yangu. Tukafika Eldoret, nikasema wacha tusukume. Webuye nikasema wacha tusukume. Bungoma hivyo hivyo. Kila mahali nilisema tukifika Malaba ataona daktari. Kufika Malaba nikasema tukivuka." Akamwangalia Mama Nabwire, akaniangalia mimi. "Sasa hiyo ndio mnataka niandike?"

Nilikuwa tayari kumwambia hapana, aende apumzike, mimi nitaitoa karatasi na mambo yaishe.

"Andika," akasema Mama Nabwire.

Were alipata pumzi. Alinyoosha mkono kuchukua ukurasa. "Basi umetoka," akasema. "Mwenyewe amekubali. Tuweke kwa debe, mama, jina lako liko safi."

"Weka chini hiyo mkono," Mama Nabwire akamwambia. "Hii karatasi imesomwa na watu wangapi? Wako Kampala, wako Kigali, wanaambia wengine. Ukiitoa, wao watajuaje? Watarudi hapa waulize iko wapi, waambiwe imeondolewa, waseme yule mama amehonga. Sitaki itolewe. Nataka ikae na ikatwe. Mtu aone ilisemwa, na aone nani amekata."

Nimekaa katika mikutano mingi tangu siku hiyo, mingine yenye chakula cha mchana na mtaalamu kutoka Nairobi, na sijasikia hoja iliyonigeuza kama ile. Miaka yote nilikuwa nimedhani kuna mambo mawili tu, kubaki na kutoka.

Kilonzo akaketi kwenye benchi, karatasi juu ya goti. Akaomba rula, kama kawaida yake. Akapiga mstari mmoja juu ya kila alichokuwa ameandika kuhusu hoteli, mstari mwembamba ulionyooka, na kila neno likaendelea kusomeka chini yake. Juu akaandika kichwa kipya: "Homa njiani." Kisha chini ya majina, polepole, huku madereva wakimwangalia: "Mtu wako akisema baridi na jua linawaka, simamisha lori. Usiseme tukifika. Mimi nilisema hivyo kutoka Salgaa na nimepoteza Muli. Hakula samaki. Kilonzo." Akafuatisha majina ya hospitali na zahanati zote alizozipita, kila moja na mahali pa kuegesha lori.

Nilitangaza uamuzi: ukurasa ubaki. Were alinikumbusha kwa heshima kwamba uliokuwa umeanikwa ni ukurasa wa hoteli, na hoteli haimo tena, kwa hiyo kwa utaratibu wetu ule ulipaswa kutoka na mwingine uandikwe upya kwenye karatasi safi. Alikuwa sahihi kabisa. Nikamwambia hivyo, kisha nikaitia karatasi ile ile kwenye pete.

Sitawadanganya kwamba benchi za Mama Nabwire zilijaa kesho yake. Kuna waliokwisha kumwogopa wasirudi kamwe. Lakini Kilonzo, kila alipopita Malaba, aliegesha lori lake lote mbele ya mlango ule saa ya chakula, hata likaziba njia na askari wakamfokea, akaingia akala mbele ya watu. Mwenye macho aliona. Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja, na kabla ya mvua za masika msichana mmoja kati ya wale wawili alikuwa ameitwa tena kazini. Ukurasa wa homa nao ulikua. Madereva waliongeza zahanati za njia nzima hadi mipaka ya mbele, na ukawa ndio uliochakaa kuliko wote, tukaubandika juu ya kadibodi. Mara kadhaa dereva aliingia akituambia kwamba ameacha mtu wake hospitali Eldoret, yuko hai, mzigo utachelewa. Niliwapigia wenye mizigo simu mimi mwenyewe, nikasikia wakitukana, na nilifurahi kutukanwa.

Kuna jambo moja sijalisema. Siku ile, Kilonzo alipomaliza kuandika, Mama Nabwire hakuondoka. Alimwomba kalamu.

"Mlikuwa mnamuita Muli tu," akasema. "Jina yake yote ni nani?"

"Muli Mutua."

Akaketi karibu naye kwenye benchi, akaandika chini kabisa, herufi moja moja: "Muli Mutua alikunywa uji kwangu. Akasema asante mama." Kilonzo alisoma, akafunika uso kwa kofia yake, akalia pale pale mbele yetu, na hakuna aliyetoka wala kujifanya hajaona.

Mstari ule haukumsaidia dereva yeyote kufika popote. Were aliusoma jioni hiyo tulipokuwa tunafunga ofisi. Alikuwa ameshatoa kalamu, kwa mazoea. Akaisimamisha juu ya karatasi kitambo, kisha akairudisha mfukoni. Nilitunza faili lile hadi likaachwa kutumika, likapita mikononi mwa watu wa wembe wasio na idadi, na hakuna hata mmoja aliyeomba mstari ule ukatwe.